Daftari la Taa

Jengo la mzee Bugumba, Mtaa wa Rufiji,
lina ghorofa nne na jiwe moja.
Jiwe lilitangulia.
Mwashi alilipiga nyundo wiki mbili, halikumjali,
akapindisha ngazi ilizunguke,
na ndiyo maana, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu,
kipandio cha kumi na tatu ni kifupi:
unyayo unakitafuta ukiwa umeshakosea.
Wenyeji wamezoea, miguu yao inajihesabia.
Mgeni huonyeshwa na taa.

Taa zenyewe ni kazi yangu.
Ziko kumi na moja, kila moja na betri tumboni
na kijicho cha kijani kinachosema: nimeshiba, nangoja.
Juu ya milango kuna vibao vya mtu anayekimbia,
mwaka wa sita huu anakimbia,
hajafika nje.
Kila mwisho wa mwezi napanda, nazima swichi kubwa,
natazama saa.
Taa iliyoandikwa saa tatu, inipe saa tatu.
Kisha naandika kwenye daftari: nzuri.

Mzee Bugumba hulipa akinung'unika.
"Masunga, taa isiyowaka naigharamia ya nini?"
Ni kama mlinzi, mzee.
"Mlinzi angalau anakohoa."

Mwezi wa tatu, ngazi yangu ya mbao ilikuwa Igogo
kwa shemeji, anapaka rangi.
Taa ya saba iko juu sana, pale penye jiwe.
Niliitazama kutoka chini. Kijicho kilikuwa kijani.
Mvua ilikuwa inavuka ziwa, ile ya kung'oa mabati,
nikaandika: nzuri.
Herufi tano.
Hata wino haukusita.

Umeme ulikatika Alhamisi, saa moja na nusu usiku.
Radi ilipiga upande wa Saanane,
Kirumba ikazima, Kapripointi ikafuata,
yakabaki mawe, yakitokea na kupotea kwenye mimweso
kama ng'ombe waliolala mvuani.
Watu wakashuka:
wanafunzi wa kompyuta, karani wa wakili,
mteja wa saluni na nusu ya nywele zake.
Ya kumi na moja iliwaka. Ya kumi, ya tisa, ya nane.
Ya saba nayo iliwaka, siisingizii.
Iliwaka dakika moja,
ikawa rangi ya chai, ikawa rangi ya kutu,
ikafumba.

Mama Kabula alikuwa ametoka Sengerema
kufuata sare ya mjukuu kwa Nyamizi fundi cherehani.
Wanasema hakupiga kelele.
Wanasema mkono ulilia kama muwa mkavu,
na sare ikashuka yenyewe hadi chini,
kipandio kwa kipandio.
Mimi nilikuwa Mabatini, nakula.

Kesho yake wakalaani umeme. Wakalaani mvua,
mwashi, ambaye alishakufa,
na jiwe, ambalo lilinyamaza vizuri kuliko mimi.
Mama mwenyewe, plasta shingoni: "Ni macho yangu haya."
Daftari lilining'inia kwenye msumari wake.
Hakuna aliyeliuliza.

Betri nilinunua kwa hela yangu.
Sasa kila mwezi nazima, nakaa kwenye kipandio cha kumi na tatu
saa zote tatu, na karanga zangu.
Mzee Bugumba ananiruka: "Unafanya nini gizani?"
Siko gizani, mzee. Ndiyo kazi yenyewe.
Na siandiki neno tena. Naandika saa:
imewaka mbili kamili, imezimwa tano kamili.
Ukurasa wa mwezi wa tatu sijauchana.

Juzi Mama Kabula alirudi; mjukuu amekua, sare imebana.
Alisimama chini ya taa ya saba, akashika ukuta kwa mkono wa kushoto.
"Hii, fundi, ni nzuri?"
Nilikuwa na jibu. Nimelijaribu kwa saa tatu.
Lakini lilipopanda kooni
lilifika mahali pafupi,
likajikwaa.