Nane kwa Nane

Hili nililitunga mwanzoni mwa Juni, nilisome Nzuguni
siku ya Nane Nane, mbele ya banda la wafugaji:

*Njooni kwangu Ihumwa, mje mwone jitihada,*
*nguruwe wangu wasemwa, kila siku ya mnada,*
*mashudu hawajanyimwa, wala pumba za ziada,*
*lete mizani tupime, uzito ndio shahada.*

*Kumi na wawili hawa, wamezaliwa Pasaka,*
*ziwa wameacha sawa, sasa pumba wazifyeka,*
*kila mmoja ni*

Hapo kalamu ikasita. Watu wa vina mtanisamehe.
Alhamisi ile, kwenye mizani ya kuning'iniza
tuliyonunua kwa mkopo wa kikoba,
mwenye doa begani alikuwa kilo tisa na nusu.
Alhamisi iliyofuata, nane.
Nikaigonga mizani. Nikamlaumu fundi wa Majengo.
Iliyofuata, saba.

Ngozi imepauka kama gunia lililofuliwa mara nyingi.
Kinenani, matezi kama kokwa za ukwaju.
Akivuta pumzi unaona kila ubavu ukihesabiwa,
na pembeni yake nduguye,
ziwa lile lile, hori lile lile,
amelala chali kwa shibe.

Mdachi alisimama nje ya uzio, hakuingia:
"Loi, hiyo ni ile homa. Choma banda."

Daktari Ndahani alikuja na pikipiki, vumbi hadi kwenye kope.
"Ingekuwa homa," akasema, "leo usingekuwa na wa kumpima.
Homa hufagia. Hii huchagua."
Akachukua damu, akaenda nayo maabara,
na siku ya tisa akarudi, akachuchumaa,
akachora duara kwa kijiti: sirkovirusi.
Kirusi kimejikunja kama pete,
kidogo hata virusi wenzake hawakioni.
Nilikitazama kiduara chake.
Mimi niliona sifuri.
Upepo wa Julai ulikifuta kabla hajavaa helmeti.

"Dawa?"
"Ya hawa, hapana. Chanjo ipo,
ya wale ambao hawajazaliwa."

Wakawa wanne. Wakawa watano.

Chiwanga akaja usiku, tenga limefungwa nyuma ya pikipiki,
taa ameizima tangu njia panda.
"Hao waliokonda nipe mimi.
Kuna mtu Kongwa anaanza mradi, nguruwe hawajui.
Elfu thelathini kila kichwa, taslimu."

Nilihesabu. Siwezi kusema sikuhesabu.
Watano, laki na nusu:
chanjo ya uzao ujao,
na sare ya Damari, na chenji ya kiberiti.
Noti zilinuka petroli.
Nilikuwa nimeshainua komeo la banda
nilipomwona huyo mtu wa Kongwa,
jina lake silijui hadi leo,
akitundika mizani mpya kwenye boriti,
akifungua daftari ukurasa wa kwanza,
akiandika tarehe kwa mwandiko mzuri.

Nikashusha komeo.
Chiwanga akanitukana kwa Kigogo, taratibu, asiwaamshe watoto.

Ardhi ya Ihumwa hukataa jembe mwezi ule.
Tulichimba siku mbili, mimi na Damari,
tukimwagia maji ya kuoshea vyombo ilainike.
Chokaa chini, chokaa juu.
Mwenye doa begani alikuwa mwepesi
kiasi kwamba nilimbeba kwa mkono mmoja,
na mkono wa pili ukakosa kazi.

Siku ya Nane Nane niliitwa kwenye jukwaa.
Mbele yangu maofisa wenye kofia mpya, watoto wenye barafu,
na banda la jirani likipiga ngoma.
Nikausoma ubeti wa kwanza. Wakapiga makofi.
Ubeti wa pili niliusoma kama ulivyo kwenye daftari:

tisa na nusu.
nane.
saba.
sita na robo.

Mshereheshaji akaniinamia, kipaza sauti amekiziba kwa kiganja:
"Mama, mizani haijatimia."

"Ndiyo," nikamwambia. "Haijatimia."