Bado na Mtasema

Sikuwaita Simba wala Tomi.
Wa kwanza nilimwita Bado,
maana ndilo swali nililoulizwa kisimani
miaka sita, kila mwezi, na watu wasionidai hata ndoo:
"Vipi shoga, bado?"
Basi nikipaza sauti jioni, "Bado! Bado!"
mtaa mzima wa Sikonge ulipata jibu lake.
Wa pili nilimwita Mtasema.
Huyo hakuhitaji maelezo.

Walikuwa mbwa wa mizinga.
Walifuatana na Mihambo porini
siku nne, siku tano, chini ya miyombo,
wakarudi na moshi manyoyani
na kupe nyuma ya masikio,
nami niliwatoa kupe mmoja mmoja
kama mama anayemsuka binti yake.
Sikuwa na kichwa kingine cha kuinamia.

Ndipo akaja Kalunde.

Siku ya pili, niko Kitete, mshono haujakauka,
Mihambo akachukua kitenge nilichomfunikia mtoto,
akapanda nacho basi hadi nyumbani,
akakitandika chini, akawaita.
Walikinusa hadi pindo, aliniambia.
Bado akapiga chafya.
Mtasema akalala kando yake,
hakukilalia, kando,
na usiku kucha hakuondoka.

Mama mkwe alikuja kutoka Ng'ambo na kapu la michembe
na sharti moja: mbwa au yeye.
Mbwa akigusa shuka lake, alisema,
ataliosha mara saba, mojawapo kwa udongo,
na sabuni nitanunua mimi.
Sikumbishia. Ni dini yake, ana haki nayo.
Nilipiga mstari wa mkaa kizingitini:
ndani, mtoto na bibi;
nje, mikia na masikio.
Mtasema aliuelewa mstari siku ya kwanza.
Bado aliuelewa kama wakili:
makucha nje, pua ndani.

Nesi wa kliniki hakunitisha, alinihesabia tu:
chanjo ya kichaa, dawa ya minyoo,
mikono kwa sabuni,
na usimwache mtoto na mbwa peke yao
hata awe mbwa malaika.
"Malaika naye," akasema, "huvutwa mkia mara moja tu."

Nilidhani nimesikia.
Alipotimiza miezi minane Kalunde akaanza kutambaa.
Nilikuwa nasonga ugali, nimewapa kisogo,
mwiko mmoja, miwili,
nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa Mtasema,
ya chini, kama jiwe la kusagia.
Mkono wa mtoto ulikuwa ndani ya sufuria yake ya ukoko.
Sikupiga kelele. Miguu ilifika kabla ya akili.
Nilimnyakua. Ugali ukaungua.
Mtasema akatazama chini, hakula tena,
na mimi nikatetemeka hadi isha
nikijua vizuri ni nani aliyestahili fimbo.

Kesho yake sufuria za mbwa zilihamia
nyuma ya bani la zamani la tumbaku,
na mlango wa jiko ukapata ubao.
Mama mkwe hakusema "nilikwambia".
Alinishikia msumari, nikapigilia.

Sasa mtoto ana miezi kumi na mmoja.
Juzi jioni alikaa mkekani, katikati ya miguu ya bibi yake,
akanyoosha kidole kuelekea mstari wa mkaa
akasema, "Ba..."
Mihambo akaangusha mzinga aliokuwa akiuziba.
"Baba! Mmesikia? Kasema baba!"
"...do," akamalizia Kalunde.

Nje, mkia ukapiga vumbi mara tatu.

Nilicheka, kisha sikujua kama nacheka.
Neno walilonichoma nalo miaka sita
limetoka kinywani mwake limelowa mate,
limepita kati ya meno mawili,
na maana yake ni mbwa tu.
Mihambo bado amenuna.
Mama mkwe akavuta pindo la shuka lake, kidogo,
akaiacha ile pua palepale ilipo.