Uma Juu ya Keria

Mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri.
Forest ya Zamani, baridi imeingia hata kwenye spana.
Nimepanda kreti la soda ili nilifikie paa la gari.
Gwakisa kashakalia usukani,
anapasha injini moto, anapiga honi kidogo:
"Dada, unazibatiza? Twende!"

Simjibu.
Mwaka jana nilimjibu.

Gurudumu la mbele linatoka kwanza.
Baiskeli bila gurudumu la mbele ni kama mtu
aliyevua meno ya bandia: uso unaingia ndani,
unaona haya kumtazama.
Nakunja vocha iliyokwisha kukwanguliwa, naipachika
katikati ya pedi za breki, zisije zikabusiana njiani
zikakataa kuachana.
Kisha nainua.
Uma unashuka kwenye taya la keria,
mguu huu, na huu,
nasikia vinakaa.

Klampu ikifungika kwa kidole kimoja, imekudanganya.
Ikitaka goti na matusi, itapasua kitu.
Iache ikuandike kiganjani
mstari mwekundu
unaosomeka mpaka Inyala.

Yangu ni mpya, ina ekseli nene,
iligoma kuingia kwenye taya la zamani.
Nikaipeleka Mwanjelwa, kwa Mwasomola wa mashine ya kuchongea.
Akapima kwa jicho, akapima kwa rula,
akalicheka jicho lake.
Akanichongea kibomba cha chuma, urefu wa kidole gumba.
"Uma huu, dada, ukiuma sawasawa
hauumizi mtu."
Elfu nane. Maneno yale aliongeza bure.

Nyuma, mkanda kwenye ringi, raundi mbili.
Ncha inayobaki naipiga fundo,
isije ikalizaba paa makofi njia nzima.
Magurudumu ya mbele yanalala kiti cha nyuma,
nimeyafunika blanketi kama wagonjwa wa rufaa.

Mwaka jana, Mlima Nyoka. Gwakisa alisema, "Nimekaza."
Kukaza kwake ni kupiga kofi mara mbili
na kutangaza: hii haiendi popote.
Ikaenda.
Nilisikia paa likishusha pumzi.
Nikageuka: baiskeli yake ya bluu imesimama barabarani,
wima, nukta moja, kama inayoomba lifti,
kisha lori la viazi.
Dereva alishuka, akavua kofia.
Hakuna aliyekufa.
Lakini alivua kofia.

Kwa hiyo leo naitikisa.
Nikiitikisa, gari zima liyumbe nayo.
Ikicheza yenyewe, gari limetulia,
naanza upya, kutoka kwenye vocha.

Uyole, kituo cha mafuta kina paa fupi.
"Tuna vichwa huku juu!" napiga kelele,
na Gwakisa, ambaye tayari alishasahau,
anakanyaga breki, anajifanya alikuwa anasalimia mtu.

Igurusi nashuka kununua mchele.
Narudi na kilo tano kwapani,
namkuta amekanyaga kizingiti cha mlango, amenipa mgongo,
mkono uko kwenye uma,
wa baiskeli yangu, si ile yake ya kuazima.
Anavuta. Anasikiliza. Anavuta tena.
Nasubiri nyuma ya trekta la watu mpaka amalize.

Anashuka, anajipangusa vumbi.
"Umenunua mchele tu?"
"Mchele tu."

Chimala. Mlima umesimama mbele kama mtu aliyekwishakataa,
na barabara inambembeleza kona hamsini na saba
hadi Matamba.
Gia ya kwanza. Kona ya tatu. Ya tisa.
Jua limechomoza ubavuni, kivuli chetu kinapanda
kwenye ukingo wa udongo mwekundu:
kagari kadogo kenye pembe nne,
na pembe hazichezi.

Kona ya ishirini na ngapi sijui,
Gwakisa anasema, macho yake barabarani:
"Ile vocha.
Usije ukasahau kuitoa."