Mkono Haukuwa Mtupu

Wa kwanza kugeuka macho alikuwa Ndaki, fundi baiskeli,
aliyezoea kula kwangu amesimama,
spana mfukoni, haraka zake kibao.
Siku hiyo alisukuma sahani pembeni.
Sato mzima! Ugali unafuka moshi!
"Mbuke, leo hata harufu ya mafuta inanichefua."
Na weupe wa jicho lake ulikuwa binzari.

Mkojo, alininong'oneza, kama chai ya rangi
iliyosahauliwa jikoni.

Hapa Mabatini maneno hushuka kama maji ya mvua,
jiwe hadi jiwe, mpaka mtoni Mirongo:
karogwa. Kala cha mtu. Pombe hiyo.
Ndaki, ambaye hata togwa likichacha halinywi.

Zahanati walipima damu wakasema homa ya ini,
ile inayoingia kwa kula na kunywa.
Apumzike. Anywe maji. Aache mizizi ya mjomba wake;
ini lina kazi ya kutosha,
msiliongezee mgeni.

Kisha akaja afisa afya, binti mfupi, kalamu sikioni,
akakalia ndoo yangu akaniambia: hesabu kurudi nyuma.
Wiki mbili. Nne. Pengine sita.
Huyu mdudu habishi hodi, alisema,
na huenea zaidi
kabla jicho halijageuka.

Nikahesabu.
Pasaka. Mvua. Choo cha jirani wa juu kikifurika kati ya mawe.
Mjukuu wangu Ngolo, tumbo siku mbili, kisha huyoo,
anakimbiza tairi.
(Wadogo wengi hawaumwi, wanabeba tu.)
Nilimtawaza mimi.
Nikajifuta kwa kanga.
Nikakata kachumbari.

Mkono mtupu haulambwi, husemwa.
Wangu haukuwa mtupu.
Ulikuwa safi kwa macho, na Ndaki
alilamba vidole vyake vyote akanisifu.
Hilo ndilo linalonikata maini.

Wamefika saba sasa.
Nimening'iniza kibuyu chirizi mlangoni, dumu la lita tano,
sabuni imefungwa kamba kama mbuzi mkorofi.
Maji ya kunywa yachemke mpaka yatokote, si yapate joto tu.
Nyanya naziosha kwa hayo hayo yaliyopoa.
Ndoo moja ya kusuuzia sahani arobaini, nimeipindua.
Mkaa umepanda, wateja wananung'unika:
mama lishe umekuwa nesi?
Nanyamaza. Ukitoka chooni, sabuni.
Ukimtawaza mtoto, sabuni.
Ukishika kisu, tena.

Jana Ndaki amerudi, suruali imemlegea,
macho meupe kama mchele wa Magugu.
Nikamwonyesha kibuyu.
Akaikunja mikono yake yenye grisi nyuma ya mgongo,
akatabasamu kidogo, si sana,
akasema:
"Anza wewe, nikuone."