Saa Tisa Usiku, Maribor

Novemba. Ukungu umeulalia mto Drava,
na kahawa ya ofisini imechemka hadi ikaungua.
Tumekaa wanne kwenye meza ya watu kumi.
Programu-jalizi ya Bogomir imefika mwisho wake;
tuiandike upya, sawa, lakini kwa lugha gani?

Bogomir kastaafu, anafuga nyuki huko Prlekija.
Alituachia mistari mia tisa ya Gruvi,
lugha laini, isiyomuuliza mgeni atokako:
ukiitupia neno inapokea, ukiitupia namba inapokea,
kosa lako inalimeza kimya
ije ilitapike Jumamosi, saa mbili asubuhi,
msimu wa theluji, milango ya lifti za Pohorje imegoma
na watu mia nne, skii mabegani,
wanaikodolea macho taa nyekundu.
Nilikuwepo. Mtoto mmoja aliniuliza
kama mlima umefungwa.
"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Ni koma."

Gašper anataka Kotlini.
Anaisimulia kama bwana harusi anavyosimulia,
mikono hewani: fupi, safi,
inakushika kiwiko kabla hujajikwaa.
Albina, mshika mfuko, anauliza wiki ngapi.
Mimi nacheka chinichini: Kotlini ni kisiwa,
Java nayo kisiwa,
na sisi watu wa bara, tusio na hata ngalawa,
tunagombania tuhamie kipi.

Niseme ukweli, nilikuwa upande wa Gruvi.
Niliizoea kama kiatu kilichopasuka
mahali ninapopajua.
Nilikuja na hoja nne kwenye karatasi;
ya tatu ilikuwa uongo.

Mtambo wenyewe haujali.
Zote tatu zikishasagwa
hutoka unga uleule.

Zdenka hajasema kitu.
Anamenya chungwa, ganda linashuka
refu, jembamba, halikatiki.
"Na wewe?" Albina akamgeukia.
Akamaliza kumenya kwanza.
"Ikivunjika saa tisa usiku,
anapigiwa nani?"

Tukalitazama ganda.
Zamu ya usiku ni yake, miaka sita sasa,
na mzigo wa mwenzio, kama wasemavyo, ni kanda la usufi.

"Mimi najua Java," akasema. "Java tu.
Ndefu, najua. Inachosha.
Inarudia jambo mara tatu
kama shangazi yangu wa Ptuj kwenye simu.
Lakini saa tisa usiku, jicho moja wazi,
mimi nataka kuambiwa mara tatu."

Gašper akafungua kinywa, akakifunga.
Baadaye alipewa majaribio, ayaandike kwa Kotlini,
akanuna hadi chakula cha mchana,
kisha akasahau kununa.
Mimi nikaikunja karatasi yangu, nikaiwekea kikombe juu yake.

Kislovenia kina umoja, kina wingi,
na kati yake kina mlango mwembamba wa wawili:
*midve*, sisi wanawake wawili,
watatu hatupiti.
Majira yale yote niliandika nikiupitia mlango huo.
Kila jina la kigezo nililipa urefu wake,
kila kosa nililiandikia sentensi kamili,
likijitambulisha, likitaja faili, likitaja mstari,
likipendekeza pa kuanzia kutafuta.
Gašper alipita nyuma ya kiti changu akaguna:
"Unaandika barua?"

Februari, simu ikalia gizani.
Nilijua ni saa ngapi bila kuitazama saa.
"Mstari wa mia mbili na kumi na moja," akasema Zdenka,
sauti yake imejaa usingizi na chai.
"Uliandika wewe?"
"Mimi."
Kimya. Nikasikia kibodi, mara mbili, tatu.
"Naona," akasema.
"Hapa umeniambia mara nne."
Akakata.