Kalamu ya Dukani

Mvua ya Aprili haijakata tangu alfajiri.
Moshi mjini inanuka saruji iliyoloa
na maandazi ya mama wa jirani.
Nipo nyuma ya kaunta, napima misumari,
inchi nne, inchi tatu, kilo na robo;
mizani yetu kuukuu inakohoa kabla ya kutulia.

Akaingia Mzee Ndetaulwa, mwavuli unatiririka,
yule anayesoma somo la kwanza Jumapili
kwa sauti inayonyamazisha hata watoto wa kwaya.
"Aikande binti yangu, Bwana asifiwe."
"Amina, mzee."
Mabati arobaini, geji ishirini na nane,
ya usharika wetu, kule juu Mbokomu.
Fedha taslimu, zimebanwa kwa raba.

Nikahesabu. Zikatimia.
Nikavuta kitabu cha risiti. Akainama,
pumzi yake ikanukia iliki:
"Andika hamsini."

Hakunong'ona kama mwizi. Alisema
kama mtu anayeomba chumvi mezani.
"Kila mtu anafanya, mwanangu. Nauli hawanilipi,
miguu yangu hii haijui posho,
na Bwana mwenyewe anajua nimejitolea miaka mingapi."
Akaweka noti ya elfu kumi juu ya kaunta,
akaisukuma kwa kidole kimoja, taratibu,
kama anayemrudisha kifaranga kwa mamaye.

Nami nilikuwa na kodi ya miezi miwili shingoni.
Nilikuwa na Elinami, viatu vyake vya shule vinacheka mbele.
Bosi alikuwa stoo, na bosi hana mengi,
ana maneno mawili tu: mteja kwanza.
Ningependa kusema nilimkumbuka Mwokozi.
Kweli ni kwamba nilikumbuka zamu yangu ya kufagia kanisa,
na kwamba ningelazimika kumtazama mzee huyu
kila Jumamosi, nikiwa na ufagio mkononi.

"Mzee, yapo arobaini. Naandika arobaini."

Akacheka. Akaitazama mvua.
"Umeokoka sana wewe,"
na neno lile, ambalo mama yangu alililia kwa furaha
siku nilipolitamka mbele za watu,
mdomoni mwake likawa tusi.
Akazoa fedha zake, na ile ya kwangu, akavuka barabara
hadi duka la pili,
ambako kalamu haziulizi maswali.

Bosi alinikata mshahara wa siku tatu.
Hakupiga kelele. Alisema tu,
"Basi jioni ukaipike hiyo haki."

Juni paa likaisha.
Linang'aa hadi ng'ambo ya korongo wanaliona.
Jumapili ile mnada ulikuwa unangoja nje,
mikungu ya ndizi, jogoo aliyefungwa miguu,
na Mzee Ndetaulwa akasoma somo. Sauti ile ile.
Nami nimeinua uso juu, walio karibu wakadhani naomba.
Nahesabu mabati.
Upande wa kushoto, ishirini. Wa kulia, kumi na nane,
kumi na tisa, hapana, nimepotea, naanza tena.

"Mama, mbona midomo yako inacheza?"

Nikafungua Biblia haraka nijifiche ndani yake,
na pale nilipoishia, katikati ya Mithali,
imelala kalamu ya buluu, jina la duka ubavuni,
alama yangu ya ukurasa tangu Krismasi.
Sikuwahi kuiomba.

Jumatatu niliirudisha kaunta.
Bosi akaigeuzageuza,
akacheka hadi akaegemea mifuko ya saruji:
"Ya mia tano hii, Aikande! Ya mia tano!"

Mimi sikucheka. Mteja wa kwanza
alitaka misumari, kilo mbili.
Nikaisubiri mizani ikohoe, itulie.
Nikaandika mbili.