Kokoto za Alizeti

Sindano ya mizani yangu ilikuwa kaidi kama punda:
usipoigonga kwa kidole haianzi kwenye sifuri.
Nami sikuigonga.
Niliiacha ianzie nyuma, kilo mbili nyuma,
kila gunia, kila mkulima, msimu mzima wa alizeti,
Kibaigwa, upande wa nyuma wa soko,
pale upepo wa Julai unapopanda juu ya magunia
na kumwaga vumbi sawasawa, kwa mwizi na kwa mwibiwa.

Sikusema uongo. Ndivyo nilivyojiambia.
Mdomo wangu ulisoma kilichoonekana: themanini na moja.
Andika themanini na moja. Anayefuata.
Uongo ulisemwa na chuma,
na chuma hakibatizwi.

Jumapili mimi ni msomaji wa somo la kwanza.
Mchungaji Chidong'oi husema sauti yangu
inafika hadi kwa wanaosinzia.
Siku ile utepe mwekundu ulinifungulia hekima ya wazee wa Israeli,
mstari mfupi tu, wa mizani na mawe ya kupimia,
kwamba Mungu analikagua jiwe lililo mfukoni mwa mchuuzi.
Nikakohoa.
Nikauruka.
Nani angejua? Wengi huacha miwani nyumbani.
Ila benchi la tatu, upande wa akina mama,
Sechelela, mjane wa Mdachi, alikuwa na kidole juu ya ukurasa,
na kidole kile kilisimama
pale niliporuka.

Jumatatu sikufungua.
Nilichukua baiskeli, daftari,
na shilingi elfu kumi na tisa na mia nane:
magunia yake kumi na moja, kilo mbilimbili,
nimezipigia hesabu usiku kucha kwa kalamu iliyokuwa ikikwaruza.

Mbukwa, nikasema uani.
Mbukwa, akajibu, ungo haukutulia.
Nikamwambia yote. Maneno yalitoka makavu,
na upepo ukayachukua pamoja na makapi.

"Nilijua," akasema.
"Debe la Mdachi halijawahi kunidanganya.
Ndiyo maana kila gunia nilitia kokoto za korongoni,
kilo mbili, nikazichekecha kwanza
zilingane na punje."
Akaziangalia zile pesa, asiziguse.
"Basi hatudaiani."

Hatudaiani!
Nusura nicheke. Nusura nimshukuru Mungu
kwa hesabu nzuri kiasi hicho,
kilo mbili zimekwenda, kilo mbili zimerudi,
kitabu kimefungwa.

Kisha tukanyamaza wote wawili,
maana wote wawili tulikuwa tumemkumbuka Ndahani,
mwenye mashine ya kukamulia mafuta barabara ya Kongwa,
aliyenunua kwangu bila kumimina hata gunia moja
kwa kuwa mimi ni mtu wa kanisa.
Mwezi wa nane parafujo yake ilisaga kitu ikakatika.
Akamlaumu fundi.
Fundi Masinga, kijana, mkewe mjamzito,
akaitwa mlevi mbele ya wateja,
akarudi kwao Mpwapwa na spana zake kwenye mfuko wa sandarusi.
Nilikuwepo. Nilitikisa kichwa kwa masikitiko,
na kichwa nacho, kumbe, kinajua kusema uongo.

Sechelela akaingia ndani.
Nikadhani amekwenda kulia.
Akatoka na viatu.
"Twende."
"Kwa Ndahani?"
"Kwa fundi kwanza. Ndahani kabakiwa na shamba na ng'ombe.
Yule alikuwa na jina tu."

Tukaikokota baiskeli, kilima hakipandiki kwa wawili.
Mfukoni elfu kumi na tisa na mia nane,
haitoshi parafujo, haitoshi hata kitasa cha parafujo,
na sijui jina la mtu hununuliwa duka gani.

Njiani akaniambia, "Usome sasa."
Sikuwa na kitabu. Nikausema kwa kichwa, polepole,
ule mstari niliouruka,
na sauti yangu, ile inayofika kwa wanaosinzia,
haikufika hata kwenye gurudumu la mbele.